Toa Pumzi Kwanza

Fundi hakuwahi kumpima mtu aliyebana pumzi. Ukisimama mbele yake ukavuta tumbo ndani, kama tunavyofanya wote tukiguswa na utepe kiunoni, aliuacha utepe ulegee mkononi, akageuka na kuanza kutafuta chaki ambayo haikupotea. Huku akitafuta, anakuuliza habari. Umekula nini leo? Lile bomba la jikoni kwenu limeacha kuvuja? Yule jirani wa redio bado anawanyima usingizi? Ukishasahau kwamba umekuja kupimwa, tumbo likarudi mahali pake, ndipo unasikia utepe umekuzunguka na kutoka, naye tayari anaandika kwenye daftari.

"Toa pumuzi kwanza," aliwaambia wale wabishi. "Nguo ni ya mutu mwenye kupumua. Mwenye hapumue, nguo yake ilisha kushonwa."

Wanawake wa kwaya walicheka, lakini walijua anasema kweli. Kanisa letu liko ghorofa ya nne ya jengo la zamani katikati ya mji, mahali palipokuwa duka la samani, na lifti yake ilikufa kabla sisi hatujahamia. Aliyeshonewa akiwa amevuta tumbo angeachia zipu kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Nguo za Fundi zilipanda ngazi zote nne, zikacheza ibada nzima mpaka jasho, zikashuka.

Nilimjua mwanamke yule kwa miaka kumi na mitatu. Tulikaa jengo moja mtaa wa Joubert Park, sisi ghorofa ya tatu, yeye ya kwanza, chumba kimoja alichokigawa kwa pazia. Nyuma ya pazia kitanda, mbele cherehani, pasi, na meza ya kukatia iliyokuwa zamani mlango wa mtu. Shimo la kitasa lilikuwa bado lipo, humo alichomeka mkasi wake. Sitaandika alizaliwa wapi wala alifikaje huku. Hakupenda kuulizwa, na aliyeuliza alirudishiwa swali: "Wewe ulikuya kushona ao kuandika ripoti?"

Kando ya meza kulikuwa na benchi. Watoto wa kanisa waliofika vyuoni, na si wengi, wote walipita kwenye benchi lile wakati wa mitihani. Sijui nani alianza. Fundi hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukimlilia alikusogeza mbali na vitambaa, kwa sababu machozi yanaacha alama kwenye satini. Ushauri pia hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni nguo za kufumua. Ukiingia na hofu yako, alikupa wembe na joho kuukuu la kwaya, akakuonyesha pindo la kutoa.

Kufumua hakukubali haraka. Ukiwaza mtihani, wembe unaingia kwenye kitambaa au kwenye kidole. Unakata uzi mmoja, unavuta, unakata mwingine. Nilimwona kijana wa sheria, bingwa wa kubishana, ameinamia joho karibu saa nzima bila kusema neno, na alipoinua kichwa mabega yake yalikuwa yameshuka. Hapo ndipo Fundi aliposema, "Sasa sema. Kitu moja tu."

Moja tu, kweli. Kijana alianza na karatasi ya Alhamisi, akarukia mkopo wa chuo, kisha baba yake. Fundi aliinua mkono uliokuwa na mkasi. "Nilisema moja." Ikabidi achague, na katika kuchagua akagundua kwamba karatasi ya Alhamisi haikuwa ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi.

Neno lake lingine lilikuwa "leo kola". Alisema hakuna mtu anayeshona shati. Unashona kola, halafu mkono, halafu mkono mwingine, na siku moja unakuta shati. Ukimletea muhtasari wa somo zima, kurasa hamsini, aliutazama kama anavyotazama robota la kitambaa, akauliza, "Kola iko wapi hapa?" Ukimwonyesha sura moja, alikwambia funga zingine, weka chini ya benchi, kalia. Nimesoma mitihani mingi nikiwa nimekalia madaftari.

Ulikula? Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake, kabla ya jambo lolote. Alituambia tulale, tule, tutembee mpaka kwenye bustani tukarudi. Yeye mwenyewe alikunywa chai kavu tangu asubuhi, na zaidi ya mara moja nimeikuta sahani yake ya jana imefunikwa hivyo hivyo. Nikimwambia, alijibu kwamba yeye hana mtihani. Ukali wake ulikuwa kwenye miadi. Ijumaa ni Ijumaa, alisema, na katika miaka yote ile sikusikia mtu aliyekuja Ijumaa akaambiwa rudi Jumatatu. Uongo aliuchukia. Mafundi waliosema umeme ulikatika wakati haukukatika aliwataja kwa vicheko, na kwetu sisi wa benchi alikuwa akisema, "Danganya kila mutu, lakini usidanganye kipimo, juu siku ya kuvaa itasema." Kwa hiyo niyasemayo sasa yananiuma kuyasema.

Mama yangu anasuka nywele mjini. Siku nilipopata nafasi chuoni kusomea uhandisi wa umeme, mteja mmoja alimwita Mama Injenia, jina likashika saluni, likapanda kanisani, likarudi nyumbani. Nilikuwa mwaka wa kwanza, hata kushika mita sijui, na tayari watu wa jengo walikuwa wananiletea pasi zilizokufa, redio, na friji moja iliyobebwa na wanaume wawili. Nilizoweza nilitengeneza. Zilizonishinda nilizirudisha nikisema zinahitaji kipuri, na hapo nikajifunza kudanganya kwa sura ya mtaalamu.

Kwetu mtu hahitimu peke yake. Wanawake wanachagua kikwembe kimoja, yaani kitenge, wanashona sare, wanakwenda kukaa mstari mmoja ukumbini ili hata asiyewajua ajue huyu ana watu. Mwaka wangu wa mwisho mama hakusubiri. Mwezi wa kumi, kabla sijaandika hata karatasi moja, alikuwa ameshachagua: cha buluu, chenye majani ya rangi ya machungwa. Aliwanunulisha wanawake wa kwaya wote, vipande vikarundikwa mbele ya madhabahu, mchungaji akaviwekea mikono. Ikaamuliwa kwamba sare zitavaliwa kwanza Jumapili ya shukrani, mwanzoni mwa Januari, halafu tena siku ya mahafali. Kitambaa kilikuwa kimeombewa, na mimi nilikuwa bado sijasoma.

Matokeo yalitoka Desemba. Niliyafungua kwenye simu nikiwa spaza, kile kiduka cha mtaani, nimeshika mkate. Masomo yote nimepita, isipokuwa moja, somo la mawimbi ya umeme. Alama zilizonipungukia zilikuwa chache, kwa hiyo chuo kilinipa mtihani wa marudio mwishoni mwa Januari. Nikikosa hapo, hakuna mahafali. Nililipia mkate, nikapanda ngazi. Mama alikuwa mlangoni.

"Matokeo ilitoka?"

"Ilitoka, mama."

Alipiga vigelegele mpaka milango ikafunguka koridoni. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuongeza neno. Nilisimama pale nikikumbatiwa na majirani huku nimeshika mkate, na nilihisi kifua kinafungwa, kifungo kimoja baada ya kingine.

Siku ya tatu nikatumwa kupimwa. Vitambaa vya wanawake wote vilikuwa vimekunjwa rafuni kwa Fundi, changu juu kabisa. Alinizungushia utepe, akaulegeza. Akatafuta chaki. Akauliza nimekula nini, akauliza habari za bomba. Nilijibu yote vizuri, kwa tabasamu. Aliurudisha utepe kiunoni, akaulegeza tena.

"Toa pumuzi."

"Nimetoa, Fundi."

"Hapana."

Tulifanya hivyo mara nne au tano. Mwishowe alijivisha utepe shingoni, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti chake cha cherehani. Hakunipa wembe wala joho.

"Ulishindwa ngapi?"

Sijui alijuaje. Labda miaka yote ile ya kupima watu. Nilisema moja. Akauliza kama mama anajua, nikatikisa kichwa. Akauliza kama kuna kurudia, nikamwambia mwisho wa mwezi wa kwanza. Alifungua daftari la vipimo, mbele ya jina langu akaandika neno moja, "bado", akalifunga.

"Kitambaa ikikatwa hairudi," alisema. "Sitakata ya mutu hata mumoja mpaka uandike. Lakini mama yako utamuambia wewe, mbele ya mutihani. Mimi nashika kitambaa. Mama yako si kitambaa."

Niliahidi kesho. Jumapili ile Fundi aliyeichukia Ijumaa ya uongo alisimama kwenye ngazi za kanisa akawaambia wanawake kwamba mota ya mashini yake imeungua, sare haziwezi kuwa tayari kwa shukrani.

Jambo ambalo hakulifikiria, wala mimi, ni kwamba mama yangu ni Mama Injenia. "Mota?" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Na mutoto yangu anasoma nini? Kesho atashuka kuitengeneza!" Wanawake wakapiga makofi. Fundi alinitazama, nikamtazama, na hakuna aliyeweza kucheka.

Basi kila asubuhi baada ya chai nilishuka ghorofa mbili na mkoba wa bisibisi, na ndani ya mkoba vitabu. Cherehani nzima, haina kasoro, ilikaa imefunikwa shuka. Mimi nilisoma juu ya mlango wenye shimo la mkasi. Michoro yangu ya saketi ilitapakaa mezani, na aliyechungulia aliamini ni michoro ya mota. Wasichokijua watu ni gharama ya lile shuka. Desemba ndio msimu wa fundi. Kila mtu anataka nguo mpya ya mwaka mpya. Jengo zima linasikia cherehani ikilia, kwa hiyo isingeweza kulia. Nguo nyingine alizipeleka kwa mafundi wenzake mjini. Zilizobaki alizishona kwa mkono, mshono kwa mshono, mkabala na mimi, vidole amevifunga plasta. Nilimwambia awashe tu, aseme imepona, halafu atafute kisingizio kingine cha sare. Alisema uongo mmoja unamtosha, hana nguvu ya kufuga wawili.

Aliniuliza maswali ili nisisinzie. "Wimbi njo nini?" Nilimjibu kwa Kiingereza cha chuo. Akasema hajasikia kitu. Ikabidi niseme kwa maneno ya chumbani mle, na ilinichukua siku mbili. Nilimwambia wimbi linalotoka kwenye waya ni gumu, limevurugika, lakini ukweli wake ni mawimbi madogo mengi, kila moja laini, yaliyounganishwa pamoja.

"Yameshonwa pamoja," alisema.

"Ndiyo, Fundi. Na kazi yetu ni kuyatenganisha."

"Basi fumua. Ni miaka mingapi unafumua hapa kwangu, na unashindwa fumua?"

Miaka minne ya chuo, na somo lile lilinifungukia pale, kwa mwanamke aliyeuma uzi. Niliandika kurasa nyingi siku ile. Niliamini nitapita.

Lakini kesho ya kumwambia mama haikufika. Jumapili ya shukrani ilipita bila sare. Wanawake walivaa walichonacho na kunung'unika ngazi zote nne. Wakasema Fundi amezeeka. Wakasema kiburi kimemjaa. Mama alinitetea mimi: Injenia anajitahidi, mashini yenyewe ni kuukuu. Nilikaa kati yao. Kila usiku wa wiki zile nilimeza chakula bila kukisikia ladha, na kila asubuhi Fundi aliniuliza, "Ulikula? Ulisema?" Nilijibu swali la kwanza tu.

Ilibaki siku mbili. Jumatatu, mchana, nilikuwa nafanya karatasi ya zamani, nikafika swali la tatu na mkono ukakataa. Sikuwa nimesahau jibu. Nilisahau kila kitu. Moyo ulikuwa unapiga masikioni, vidole vimekufa ganzi, hewa inaingia na haitoki. Nilisikia sauti yangu ikisema nakufa. Fundi alisema toa pumuzi, nikashindwa. Akasema tena, nikashindwa. Ndipo alipofanya kitu ambacho, katika wiki zote za kujichunga, hakukifanya: alisahau uongo wake. Alivuta shuka, akanikalisha kwenye cherehani, akaweka kipande cha kitambaa kibovu chini ya sindano na mguu wangu kwenye kikanyagio.

"Shona mustari moja. Usinitazame. Tazama sindano."

Cherehani ikalia. Nilitazama sindano ikishuka na kupanda, mstari ukaenda, ukapinda, ukanyooka. Nilifika mwisho wa kitambaa nikageuza. Mahali fulani katika mstari wa tatu au wa nne pumzi ilitoka, ndefu, kwa mlio, na machozi pamoja nayo. Fundi alikuwa ameniwekea mkono mgongoni. Sote wawili hatukusikia hatua kwenye ngazi.

Mama alisimama mlangoni na bakuli la ugali na sombe, majani ya muhogo, alilomletea fundi wake wa mota, yaani mimi. Aliniona machozi, akayaona kuwa ya furaha.

"Mashini inatembea!"

Kisha akatazama shuka sakafuni. Mama yangu si mjinga. Aliinama, akaichungulia mota, safi, haikuguswa, skrubu zake zina vumbi lile lile la zamani.

"Hii haikufunguliwa hata siku moja," alisema polepole. "Dada, mashini ilikuwa mbovu ao haikuwa?"

"Haikuwa," alisema Fundi.

"Na juu ya nini ulitudanganya?"

Fundi alinigeukia mimi, na kunisubiri, kama alivyosubiri tumbo la mtu lirudi mahali pake. Hakuwa na hasira usoni. Mlango ulikuwa wazi, na ningeweza kusema kwa maneno mawili: nilifeli, mama. Nilitazama kitambaa chini ya sindano. Nilisikia bakuli likiwekwa mezani. Nilinyamaza.

"Nilichoka," Fundi alisema mwishowe. "Sikutaka kushona. Nilisema mashini imekufa. Njo hivyo."

Mama alivuta vitambaa rafuni kimoja kimoja kwa hasira, akavirundika mikononi, akamwita mwongo. Majirani walikuwa wameshajaa koridoni wakasikia. Alinishika mkono tukapanda. Sombe ilibaki pale pale.

Jumatano nilifanya mtihani. Swali la pili lilinifunga kifua. Niliweka kalamu chini, nikatoa pumzi, nikajiambia leo kola, nikafumua wimbi lile uzi mmoja mmoja. Nilipita vizuri. Nimeandika kwa wepesi, lakini hata leo sijui nilitoa wapi uso wa kuutumia msaada wa mtu niliyekuwa nimemwacha asulubiwe siku mbili kabla.

Kwaya ilihamia kwa fundi mwingine mjini. Kitambaa changu hakikuonekana kwenye rundo, na mama alisema kwamba mwongo yule amekila pia. Siku ya mahafali nilivaa gauni jeusi chini ya joho. Wanawake walikaa mstari mmoja, buluu na machungwa, na jina langu liliposomwa mama aliruka kupiga vigelegele na zipu ya ubavuni ikaachia mpaka kiunoni. Fundi mpya alikuwa amempima tumbo likiwa ndani. Katika picha zote mama amebana mkono ubavuni. Tulicheka, na mimi nilicheka nikiona haya.

Pasaka ile Fundi alihama. Niliona kutoka dirishani ule mlango wa kukatia ukiteremshwa barabarani na wanaume wawili na kuwekwa kwenye bakkie, gari dogo la mizigo. Alisimama kando ameshika mkasi. Ilikuwa ghorofa tatu tu kushuka. Sikushuka, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya kwa makusudi.

Huenda ningekaa nalo mpaka leo. Lakini miaka miwili baadaye mdogo wangu aliingia mwaka wa kwanza, na mwezi wa sita, wakati wa mitihani, aliacha kula. Yeye amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, anajibu kwa anachotaka. Jumapili mchana nilimkuta amekaa kwenye ngazi za jengo na sahani magotini, hajagusa. Nikamwambia ni mtihani tu.

"Eish, dada, kwako ni rahisi kusema," alinijibu. "Wewe hujawahi kufeli. Mama anasema kila siku. Mimi ndiyo nianze kwenye hii nyumba?"

Nilimshika mkono nikampandisha mpaka mezani, mama akiwepo, na nilisema yote: mkate, mota, shuka, plasta za vidoleni, sababu ya Fundi kusema alichoka siku ile. Nilisema nilifeli, na kwamba aliyenibeba nilimwacha aitwe mwongo. Mdogo wangu alitazama sahani yake, kisha akaanza kula. Mama aliweka kijiko chini. Hakunipigia kelele. Wiki nzima hakusema nami zaidi ya salamu, na Jumamosi asubuhi alitoka chumbani na mfuko wa plastiki, ndani yake sare yenye zipu iliyoachia.

"Nipeleke kwa Fundi."

Duka lake sasa liko Rosettenville, kando ya tanuri la mikate la Wareno. Amekonda, amevaa miwani, lakini mlango wa kukatia ni ule ule, na mkasi umekaa kwenye shimo lake. Alituona tukiingia. Mguu wake uliacha kukanyaga.

"Mulikula?"

Tulisema tumekula. Hakuna aliyeketi. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, kwenye kila taa ya barabarani, robot baada ya robot, na nikaanza kuyamwaga yote, samahani na jinsi na kwa nini. Aliinua mkono.

"Kitu moja tu."

Nilichagua. "Nilinyamaza."

"Ndiyo," alisema. "Nilikusikia."

Alikwenda kwenye rafu ya chini, akatoa furushi lililofungwa gazeti. Alipolifungua niliona buluu na majani ya machungwa, kunjo zake zile zile, hakijaguswa na mkasi. Hakukila. Siku mama alipovuta vitambaa yeye alikuwa amekiwahi, akakishika mkononi, nyuma ya mgongo wake. Akaleta daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa zamani. Mbele ya jina langu palikuwa bado pameandikwa "bado". Aliniita karibu, akanizungushia utepe, na safari hii hakutafuta chaki. Alikata neno lile kwa kalamu, akaandika vipimo vyangu.

Kisha akamgeukia mama. Mama alisogea, akasimama wima mbele yake, mikono imeinuka kidogo, tumbo amelivuta ndani na midomo ameibana. Fundi alimzungushia utepe, akaulegeza. Alisubiri. Hakumwuliza habari yoyote. Nje mtu aliagiza mikate, akalipa, akaondoka.

"Nilikuita mwongo mbele ya batu," mama alisema bila kutoa pumzi.

"Ulisema kweli. Nilidanganya."

"Juu ya mutoto yangu."

"Toa pumuzi, Mama Injenia."

Mama alitikisa kichwa. Mabega yalipanda, yakabaki juu, halafu yakashuka yote kwa pamoja, na kilio kikatoka, cha sauti, cha mtu mzima. Fundi alisogeza kikwembe pembeni kisilowe. Hakumkumbatia. Alimwacha alie mpaka pumzi ikaanza kwenda na kurudi peke yake, ndipo utepe ukapita kiunoni, taratibu, ukakutana.

"Andika," aliniambia, akanisukumia daftari.